Tuonekane, Tusisikike

Habari mbaya ina tabia ya kumfikia bosi mwisho. Mlinzi ataijua, anayechemsha chai ataijua, mwenye duka la ng'ambo ya barabara ataijua, na mkubwa wa ofisi ataletewa siku ambayo haina dawa tena. Nimefanya kazi ya uuguzi na usimamizi katika kaunti ya Garissa tangu miaka ya mwanzo ya ugatuzi. Katika yote niliyojifunza huko, lililonifaa zaidi ni namna ya kuketi na kila ninayemsimamia, mimi na yeye tu, habari zinifikie zingali changa.

Kwetu ni Mombasa. Huduma za afya zilipokabidhiwa serikali za kaunti baada ya uchaguzi wa Machi 2013, nafasi zilifunguka Kaskazini Mashariki na si wenzangu wengi waliozikimbilia. Mimi nilikwenda. Nikapewa kusimamia wauguzi wa zahanati, wahudumu wa afya wa vijijini, dereva na mlinzi wa bohari. Kaunti ya Garissa ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 44,000, na sensa ya 2019 iliwahesabu watu 841,353 waliotawanyika humo, wengine wakihama na mifugo. Mvua ikinyesha na laga, yaani mito ya msimu, zikajaa, safari ya saa chache inakuwa ya siku. Muuguzi anaweza kukaa zahanatini peke yake wiki nenda wiki rudi, akizalisha, akichanja, akifunga vidonda na kujaza rejista zote, asimwone mwenzake wa taaluma. Mtu huyo ukimwita mjini kwenye mkutano wa mwezi utapata ripoti yake. Yeye mwenyewe hutampata.

Mikutano haikuwa haba. Wasomali ni watu wa kuzungumza hadharani, chini ya mti, kwa zamu, mzee akitangulia, na kwa mambo ya malisho, visima na kusuluhisha ugomvi sijaona utaratibu unaoushinda huo. Ila unapoingia ofisini unaingia na adabu zake. Muuguzi kijana hawezi kumpinga mbele za watu mtu anayemwita adeer, ami yake, hata kama undugu wenyewe ni wa heshima tu. Asiye mwenyeji ananyamaza asije akaonekana mgeni mjuaji. Akina mama wanangoja waulizwe. Mkutano unafungwa kwa dua, kila mtu amekubali kila kitu, na maneno yenyewe yanasemwa njiani wakati wa kurudi.

Kwa hiyo nilihitaji kikao cha watu wawili, na hapo ndipo Garissa ikanifundisha kwamba kikao hicho si jambo dogo. Watu wawili wakifunga mlango, nje kunazuka maswali matatu. La kwanza ni la ukoo: mbona ameitwa huyu wa ukoo fulani na si yule? La pili ni la semina: huenda anapewa nafasi ya mafunzo Naivasha, yenye posho, kabla wengine hawajasikia. La tatu ni la dini na heshima: mimi mwanamke, yeye mwanamume, si maharimu wangu, na mlango umefungwa. Hakuna muuguzi wa kiume mwenye familia yake mjini ambaye angekubali hilo. Na angekubali, mimi nisingekubali.

Maswali mawili ya kwanza yalijibiwa na karatasi. Nilibandika ratiba ukutani karibu na rejista ya mahudhurio, jina la kila mtu na siku yake, kuanzia muuguzi mkuu hadi mlinzi. Anayeitwa kwa zamu hawezi kushukiwa kwamba ameitwa kwa siri. Hii ndiyo sababu nashikilia kwamba kikao cha watu wawili kisiwe cha dharura. Bosi anayemwita mtu pale tu pana kosa, au pale tu pana zawadi, amewafundisha wote kuogopa au kuoneana wivu kila jina linapotajwa.

Swali la tatu lilijibiwa na mwarobaini ulioota nyuma ya bohari. Tuliweka chini yake viti viwili vya plastiki, mahali ambapo mama wa chai alituona vizuri na hakusikia neno. Kanuni ikawa hiyo: tuonekane, tusisikike. Kwenye zahanati za mbali tulikaa barazani, baada ya swala ya alasiri, akina mama na watoto wakiwa wameondoka na jua limepungua makali. Ramadhani tulisogeza asubuhi, kabla kiu haijamkausha mtu maneno. Wanaopanga vikao hivi hufikiria mlango wa kufunga. Nilichoona mimi ni kwamba mahali panapoonekana na watu wote ndipo mtu anapokaa kwa utulivu, kwa sababu hana la kuwaeleza akiondoka.

Andrew Grove, mmoja wa viongozi wakuu wa kampuni ya Intel kule Marekani, alilishughulikia jambo hili katika kitabu chake cha 1983, High Output Management. Anasema kikao hicho ni cha mfanyakazi: yeye ndiye anayeleta mambo ya kuzungumzwa, na bosi yupo kusikiliza na kuongoza. Anashauri kifanyike pale anapofanyia kazi, na kwa hesabu yake dakika 90 za bosi zinaweza kuinua kazi ya mtu kwa wiki mbili nzima. Hakuwa akifikiria zahanati iliyo kando ya mto Tana, lakini niliyoyaona huko yanamuunga mkono, hasa hilo la mahali. Muuguzi anayekuja ofisini kwangu anakuja na majibu. Nikimfuata kwake, naona tangi la maji halina kitu kabla hajasema.

Palikuwa na zahanati moja, sitaitaja, ambayo karatasi zake zilikuwa safi kuliko zote. Chanjo inatakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na muuguzi anaandika kipimo cha friji asubuhi na jioni. Karatasi ya huyu ilikuwa haina doa: nne, tano, tano, nne, mwezi mzima. Kwenye mikutano alisifiwa. Siku yake ya kikao ilipofika tulizungumza habari za nyumbani kwake Mwingi, mtoto aliyeingia sekondari, likizo aliyoidai. Nikamuuliza ni kitu gani pale kazini kinamnyima usingizi. Akaitazama chai yake mpaka ikatanda utando wa maziwa.

"Sista, kipimajoto kilivunjika."

"Lini?"

"Kabla ya Idi."

Alikuwa akitia mkono ndani ya friji, anasikia ubaridi, anaandika namba. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikotoka aliona mwenzake akikatwa mshahara kwa mizani iliyopotea, na yeye ana karo ya kulipa. Tukaifungua friji pamoja. Chupa nyingi za chanjo zina kibandiko chenye duara na mraba ndani yake. Joto likizidi, mraba unazidi kuwa mweusi, na ukishalingana na duara chupa hiyo haitumiki tena. Tukazipanga mezani moja moja. Zile zinazoharibiwa na kuganda tukazitikisa na kuzichunguza. Nyingine tulizitupa, kipimajoto kipya kikaja na gari lililofuata, na orodha ya watoto wa kurudiwa ikaandaliwa siku ile ile.

Adhabu haikuwepo, na wapo walioniona mlegevu. Lakini kila zahanati ilikuwa ikisubiri kusikia alichofanywa. Ningemwadhibu mtu kwa kusema, nisingeambiwa neno tena na yeyote kati ya Balambala na Ijara. Kikao kile kilikuwa na thamani kwa sababu ya kilichofuata baada yake: mwezi huo huo wauguzi wengine wawili waliniambia ya kwao.

Swali nililomuuliza nimelitumia kwa miaka na halijanitupa. "Mambo vipi?" hujibiwa "salama." "Kuna shida?" hujibiwa "hakuna." Ila mtu akiulizwa ni kitu gani kinamnyima usingizi, au angekuwa mimi angebadilisha nini kwanza, hana jibu la neno moja. Baada ya kuuliza, kazi ya bosi ni kunyamaza. Kimya cha mtu anayepima kama akuambie au asikuambie ni kirefu, na wakubwa wengi hukijaza kwa hotuba.

Salamu nazo ni sehemu ya kikao. Kwa Garissa humwendei mtu na kazi kabla hujamuuliza watoto, wazazi, mvua na mifugo. Mgeni anaweza kuona ni kupoteza muda. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosa kwa mfuatano, na fomu za mhudumu wetu mmoja wa kijijini zilianza kuja tupu. Ofisini alikuwa amekwisha kuitwa mvivu. Nilipofika kwake nikamuuliza mifugo. Akainua vidole vitatu. Hiyo ndiyo iliyobaki. Watu wa kijiji walikuwa wamehama kufuata maji, nyumba alizopaswa kuzitembelea hazikuwa na mtu, na yeye mwenyewe alikuwa akiishi nusu ya wiki huko walikohamia. Tukakubaliana kazi yake ihame naye. Akaenda na utepe wa kupimia mikono ya watoto, ule ambao chini ya sentimita 11.5 unaonyesha utapiamlo mkali, na karatasi zake zikaanza kujaa tena, safari hii na majina ya watoto ambao hakuna zahanati iliyojua waliko.

Wakubwa wengi hukutana na wauguzi na maafisa, wakawaruka madereva na walinzi. Dereva wetu alikuwa mtu mzima, ofisi nzima ikimwita adeer. Siku yake ilipofika alisema hana ripoti, gari liko sawa. Tukanywa chai, akanieleza habari za ngamia wa ndugu yake, akaondoka. Zamu zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Sikuifuta siku yake, na yeye hakukosa kuja. Jioni moja akaomba safari zote zianze baada ya swala ya alfajiri zirudi kabla ya magharibi. Nikadhani ni usalama, nikamwambia hilo tayari ni agizo, isipokuwa kwa wagonjwa wa dharura. Akavua kofia yake akaishika magotini.

"Mwanangu, taa za gari linalokuja zinanipasukia machoni. Usiku sioni barabara."

Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliogopa kwamba dereva asiyeona atarudishwa kwao mikono mitupu, na hilo ni jambo ambalo mtu wa rika lake hawezi kulitamka mbele ya vijana wanaomwita ami. Safari za usiku alipewa mwingine, yeye akafanyiwa upasuaji, akarudi kwenye usukani. Barabara zile za mchanga, mama mwenye uchungu wa uzazi nyuma ya gari, dereva haoni: sipendi kuiwazia safari ambayo ingefuata. Ilizuiwa na zamu nyingi ambazo hazikuleta chochote. Bosi anayefuta kikao kwa sababu kilichopita hakikuwa na jambo, anakifuta kabla hakijaiva.

Kipindi kigumu kuliko vyote kilikuwa 2015. Novemba iliyotangulia, abiria 28 wa basi lililotoka Mandera walikuwa wameuawa, walimu wakiwemo. Kisha tarehe 2 Aprili watu 148 wakauawa Chuo Kikuu cha Garissa. Amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Walimu na wahudumu wa afya waliotoka sehemu nyingine za nchi walikuwa wakifungasha. Mkutano wa wote wakati ule usingefaa kitu: wa bara asingesema anaogopa mbele ya wenyeji, na mwenyeji asingesema anavyoumia kusimamishwa kila kizuizi na kutazamwa kama mshukiwa na mtu aliyekuwa akila naye sahani moja. Niliketi na kila mmoja, wa bara na mwenyeji. Sikumsihi mtu abaki. Nilimuuliza ameamua nini, na anahitaji nini kwangu. Wengine waliondoka, nami nikawaandikia barua za kuwasaidia kupata uhamisho. Lakini walinitajia siku, wakakabidhi dawa na rejista, na zahanati zao hazikuamka asubuhi zimefungwa. Walioamua kubaki walikuwa wamesema wenyewe kwa masharti gani. Kikao hakimfungi mtu kamba. Kinampa bosi nafasi ya kujua mapema atakachokabiliana nacho.

Yote haya yanasimama juu ya daftari moja. Upande wa kushoto wa ukurasa naandika alichoniomba, upande wa kulia nilichofanya. Kikao kinachofuata kinaanza na upande wa kulia, yaani na deni langu, kabla sijamuuliza lake. Neno ambalo watumishi wa umma wamelichoka kuliko yote ni "nitafuatilia." Mengi wanayoniomba siwezi kuyatoa: uhamisho, kupandishwa cheo, posho iliyochelewa. Tangu 2023 wahudumu wa afya wa jamii wamewekewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya kaunti na nusu ya serikali kuu, na sina uwezo wa kuiharakisha hata kwa siku moja. Ninachoweza ni kusema "hapana" siku ile ile, au kutaja siku nitakayokuwa na jibu na kumpigia siku hiyo, hata kama jibu ni kwamba bado. Ahadi ni deni, na "hapana" ya mapema inasameheka.

Kuna mambo mawili ambayo siruhusu yaingie chini ya mwarobaini. La kwanza ni nidhamu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama chake. Hicho ni kikao kingine, chenye barua na mashahidi. Ukikichanganya na kile cha chai umemvizia mtu, na unaweza kushindwa mahakamani pia. La pili ni habari za watu wengine. Anayekuja kunieleza makosa ya mwenzake namuuliza la kwake. Nikianza kupokea ya wenzake, ratiba ile ya ukutani itageuka kuwa orodha ya wapelelezi.

Na ninaweka mpaka wa siri mapema, kabla mtu hajafungua moyo. Namwambia: utakayoniambia yatabaki hapa, isipokuwa yanayohatarisha maisha ya mgonjwa, ya kwako au ya mwenzako. Yule wa kipimajoto alikuwa amelisikia hilo tangu mwanzo, ndiyo maana hakuona nimemgeuka tulipoandika orodha ya watoto.

Mafuriko ya Novemba 2023 yalipoikata barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa na watu wakawa wanavushwa kwa mashua, vikao vilihamia kwenye simu. Simu ina adabu zake. Napiga mimi, si yeye, kwa sababu salio linalokwisha humfanya mtu afupishe ukweli. Anachagua yeye saa. Swali la kwanza huwa ni uko wapi na nani yuko karibu nawe, maana kwenye simu hata hiyo kanuni yetu ya kuonekana na kutosikika ni lazima uiulizie. Muuguzi mpya nampigia kila wiki. Mkongwe anatosheka na mara moja kwa mwezi, na akianza kukatisha ahadi hizo, namwendea.

Wasimamizi wenzangu huniambia hawana muda. Nami nawauliza ni muda gani waliotumia mwaka jana kutafuta mtu wa kujaza nafasi ya aliyeondoka bila kuaga, kujibu barua kuhusu gari lililopinduka, au kueleza makao makuu kwa nini chanjo iliharibika. Muda huo walikuwa nao. Waliutoa baada ya jambo kuharibika.

Kama una watu chini yako, iwe zahanati, shule, duka au kituo cha polisi, andika majina yao wote leo, dereva na mlinzi wakiwemo. Mpe kila mmoja siku yake, ibandike mahali kila mtu ataisoma, na tafuta pa kukaa ambapo mtaonekana na hamtasikika. Siku ikifika, nenda, hata kama una hakika hana la kusema.